Android ya kwanza ya nyumba ni ya mama

Siku za malipo, maduka ya telefone ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi yanajaa wanaume. Wengine wangali na buti za kazi mu miguu. Mtu anashika telefone, anaigeuza, anauliza kamera iko na mega ngapi, analipa, anaitia mu mfuko. Kesho yake ile telefone inashuka naye ku kariere, mu vumbi na mu maji, pahali ambapo mara nyingi hata reso haishiki. Na ku nyumba, mama ya watoto anabaki na ile ya zamani yenye kioo cha kupasuka, ao na ya tochi, ao bila kitu.

Mimi nasema tunanunua kinyume. Kama makuta ya nyumba inatosha Android moja tu, ile moja ibakie ku nyumba na iwe ya mama. Baba ashuke ku kazi na telefone ya tochi.

Najua wandugu watanijibu nini. Mwenye kutoka jasho ni nani? Nani aliingia mu shimo? Ni kweli, lakini hatuhesabu jasho hapa. Tunauliza chombo kitafanya kazi wapi. Pikipiki hauinunui kwa kuiweka mu shimo. Telefone ya kugusa iko na kioo ya kuvunjika, iko na tundu la shajeri ambalo vumbi ya mawe inaingia, na zile za bei ya chini karibu zote hazikutengenezwa kwa kuanguka mu maji. Mchimbaji mwenye kusafisha madini ku mto anaijua hii mambo kuliko mimi. Kwa wale wanaofanya kazi ku makampuni, telefone inakatazwa pahali pengi pa kazi, zaidi sana karibu na baruti, sababu mawimbi ya telefone yanaweza kuwa hatari kwa fataki zenye kuwashwa na umeme. Kwa hiyo Android ya baba inalala mu kabati ama mu mfuko saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili. Inafanya kazi usiku tu, na usiku ni kutazama mpira.

Angalia sasa ya tochi. Inaita, inapokea, inapeleka mesaji. Batri yake inaweza kukaa siku nyingi. M-Pesa, Orange Money, Airtel Money, zote zinapita ndani yake kwa kupiga zile namba za nyota, bila mega hata moja. Baba akiuza mifuko yake ku depo, akilipwa, anatuma makuta ku nyumba palepale. Anakosa nini? Anakosa WhatsApp ya kundi la kazi na bei ya madini inayopita mule. Ni hasara, sikatai. Lakini bei ya madini mtu anaweza kuipigia simu dakika moja.

Ku nyumba, tofauti ni kubwa zaidi. Masomo yanatuma habari mu WhatsApp: mtihani, minervali, mkutano wa wazazi. Mama mwenye kuuza vitenge ao unga anatuma foto kwa wateja, hana lazima ya kuzunguka kutwa na mzigo ku kichwa. Mtoto akiwa na homa usiku, anatuma foto ya dawa kwa yaya wake mwenye kusoma infirmière na anaulizia kipimo. Na kuna hii ambayo watu wa mji wanaisahau: mama asiyesoma sana hawezi kuandika mesaji ndefu, lakini anaweza kusema. Ile mesaji ya sauti ya WhatsApp imefungua mlango kwa wamama wengi kuliko kila kitu kingine mu telefone. Anasema Kiswahili chake, ao Kiluba, ao Kibemba, na mtu wa mbali anamsikia.

Haya, tuseme tumekubaliana. Makuta ni kidogo. Uko na dola 70, 80, pengine 100. Unanunua nini?

Jambo la kwanza: acha kamera. Wauzaji wanajua kama sisi wote tunapenda foto, njo sababu namba ya kamera inaandikwa kubwa ku karatasi. Mu telefone za bei ya chini, namba kubwa ya kamera haileti foto nzuri, na hakuna mtu aliyeshindwa kutuma foto ya kitenge sababu kamera ilikuwa ndogo. Kinachoua telefone ya bei ya chini ni memwari. Inaanza kuwa nzito, inakwama, unafungua WhatsApp unangoja mpaka chai inapoa, na kisha miezi sita unasema "telefone imeharibika". Haikuharibika. Ilizaliwa ndogo.

Memwari ziko mbili, na muuzaji mwenye haraka anazichanganya. Moja ni ya kuweka vitu: foto, video, programu. Ingine ni ile ya kufanyia kazi, sawa meza ya jikoni: ikiwa ndogo, unaweza kuwa na unga na mboga mingi mu depo lakini hauna pa kupikia. Ile ya meza njo inaitwa RAM. Neno hili linatukumbusha mambo mabaya, najua. Mwaka 2020 serikali ilituletea RAM yake, ile kodi ya kuandikisha telefone, karibu dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G na 4G, na inite zetu zilikuwa zinakatwa bila kuulizwa, mpaka watu wakapiga kelele na ikaondolewa mwaka 2022. RAM ya ku kartoni haina undugu na ile. Hii unaitafuta, na unataka iwe mingi.

Mingi ni ngapi? Giga 1, ikatae hata wakikupa na kofia. Google yenyewe, mu Android Go, ile Android nyepesi iliyotengenezwa kwa telefone ndogo, tangu Android 13 inaomba kwa uchache RAM ya giga 2. Kwa hiyo giga 2 ni mlango wa kuingilia, si pa kukaa. Ukiweza giga 3 ao 4, chukua ile, hata kama kioo ni kidogo na kamera ni ya aibu. Kwa kuweka vitu, giga 16 inajaa upesi, sababu mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa mbele hujaweka foto moja. Giga 32 inavumilika. Giga 64 ni raha.

Na hapa kuna mutego ambao nauona kila juma. Ku kartoni wameandika RAM giga 8. Mtu anafurahi: giga 8 kwa bei hii! Soma maandishi madogo. Utakuta 4+4. Nne ni za kweli. Nne zingine wamezikopa ku memwari ya kuweka vitu, na mkopo huu unatembea polepole sana kuliko RAM ya kweli. Si uongo kabisa, lakini si ukweli wa kununulia. Unapolinganisha telefone mbili, hesabu namba ya kwanza tu. Muulize muuzaji hivi: "RAM ya kweli, ni ngapi?" Akianza kuzungukazunguka, nenda duka la pembeni.

Kisha batri. Hapa sisi wa Katanga tuna haki ya kusema. Kobalti mingi ya dunia inatoka mu udongo wetu, na mu batri ya telefone yako, hata ile ya bei ya chini kabisa, kuna gramu chache zake: toka tano mpaka ishirini hivi, kufuatana na ukubwa. Inatoka hapa mu mifuko, inaenda China, inarudi mu kartoni yenye plastiki, na tunaambiwa ni ghali. Ningeweza kuandika ukurasa muzima juu ya ile safari, lakini leo tunanunua telefone.

Umeme ya SNEL inajulikana. Kuna mitaa inayokaa siku mbili gizani, na mtu analipa ku kibanda cha kushajisha. Telefone yenye batri ndogo inakula zile makuta pole pole, na hakuna anayezihesabu. Mu telefone za bei ya chini leo, batri ya mAh 5000 si kitu cha ajabu tena, njo usikubali ya 3000 sababu tu kioo kinangaa. Tena, kioo kikubwa sana chenye mwanga mingi kinakula umeme. Telefone ya dola 80 haina lazima ya kuwa sawa mlango.

Sasa tunafika ku ugomvi wa kweli: mpya ao okazioni?

Vijana wanapenda okazioni. Kwa dola 80 unapata jina kubwa, Samsung ya juu ya miaka iliyopita, ao iPhone ya zamani, zimetoka Dubai ao Ulaya, na mtu anaonekana ni mtu. Kwa fundi mwenye kujua, kuna okazioni nzuri, sitaki kuwachafulia kazi wale wanaouza kwa haki. Lakini kwa telefone ya nyumba, ya kwanza na ya peke yake, mimi nakataa okazioni. Batri ya telefone inazeeka kama goti la mchimbaji. Kisha kushajishwa mara 500 hivi, imebakia na nguvu karibu 80 kwa mia ya ile ya mwanzo, na inaendelea kushuka. Hauwezi kuona hii ku duka. Inaonyesha 100 kwa mia, inangaa, saa sita mchana imekufa. Nyingine zilitengenezwa kwa soko la Marekani, hazishiki 4G yetu vizuri. Nyingine zingali zimefungwa na akonti ya mwenyewe wa kwanza, na siku itakapoomba neno la siri, hakuna wa kulijibu. Nyingine, tuseme wazi, ziliibwa.

Itel, Tecno, Infinix, watu wanazicheka: "telefone ya Kichina". Zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, na ile kampuni ilikua hasa kwa kuuza mu Afrika. Hata iPhone nyingi zinakusanywa China, kwa hiyo kicheko hiki hakina miguu. Ndogo mpya ya Itel ao Tecno, ao Samsung ya mstari wa chini, yenye RAM ya kweli ya giga 3 na batri ya 5000, itamtumikia mama miaka miwili, mitatu. Ile kubwa ya okazioni itakaa wiki mbili mu heshima na miezi mingi ku fundi.

Tena chunga hizi za kati, zenye vifungo kama ya tochi lakini zinasemwa ziko na intaneti, zenye mfumo wa KaiOS. Zilikuwa wazo nzuri siku zile. Lakini mwaka 2024 WhatsApp iliondolewa mu duka la programu la KaiOS. Mtu akikuuzia leo akisema "hii iko na WhatsApp", mwambie aifungue mbele yako na namba yako. Vilevile kwa Android za zamani: WhatsApp ya leo haikubali Android iliyo chini ya 5.

Ku duka, usiogope kuchukua muda. Makuta ni yako. Piga *#06#, itatokea namba ya IMEI, tarakimu 15. Ikiwa ni ya kadi mbili, zitatokea mbili. Linganisha na zile zilizoandikwa ku kartoni. Kama haziko sawa, acha kartoni, acha telefone, toka. Kisha ingia mu Paramètres, À propos du téléphone, uangalie jina, Android ya ngapi, na memwari. Za uongo zinaweza kusema uongo hata pale, njo maana fungua pia Play Store, mu Paramètres zake, kule chini mu À propos: inatakiwa kusema kama chombo ni certifié. Isiposema vile, hata jina likiwa kubwa namna gani, inaweza kuwa ya kuiga. Tia kadi yako, piga simu, sikiliza, washa mega, tuma mesaji ya sauti, chomeka shajeri uone kama inaingia. Muuzaji mzuri hakasiriki. Mwenye kukasirika amekujibu tayari.

Chukua yenye kadi mbili. Yule anayekaa Fungurume anajua: kampuni moja inashika ku kambi, ingine inashika ku soko, na ndugu wa kijiji yuko ku ya tatu. Na chukua ya 4G, si ya 3G, hata kama pahali unapokaa 4G haijafika vizuri. Kampuni kubwa za simu ziliiwasha mu Congo mwaka 2018, na minara mipya inafuata ile njia. Kununua 3G leo ni kununua nyumba mu mtaa watu wanaohama.

Kuhusu kredi, nasema kidogo. Mtu akikupa telefone kwa malipo ya kidogo kidogo, uliza maneno mawili tu: jumla yote itakuwa dola ngapi, na nikichelewa siku moja, mnaifunga? Kuna programu zinazowekwa ndani zinazoweza kufunga telefone toka mbali. Kwa mfanyakazi mwenye mushahara wa kila mwezi, pengine inawezekana. Kwa mchimbaji wa mkono, ambaye mwezi huu anapata na mwezi ujao bei ya kobalti inashuka ama depo zinafunga, ni kamba ku shingo. Mwaka 2025 serikali iliposimamisha kutoa kobalti inje, toka mwezi wa pili mpaka wa kumi, nani alikuwa na uhakika wa malipo yake? Afadhali kungoja miezi mitatu na ya tochi.

Kuna jambo moja ambalo linanifanya niandike hii yote, na halihusu memwari wala batri. Ni kadi, ile puce. Mu nyumba nyingi, mama anashika telefone lakini puce iliandikishwa na karte ya baba. Tunaona ni kitu kidogo. Lakini makuta iliyo mu M-Pesa, Orange Money ao Airtel Money ni ya yule ambaye jina lake liko ku kampuni. Shimo likianguka (na yanaanguka, kila msimu wa mvua tunazika), puce ikipotea ama ikifungwa, mama anaenda ku ajansi akiulizwa karte ya mwenye namba. Mwenye namba yuko chini ya udongo. Anaambiwa alete karatasi za kifo, karatasi za ndoa, karatasi za urithi, na ndoa nyingi zetu hazijawahi kuandikwa ku komini. Wakati ule ndugu wa marehemu wamekwisha kufika ku nyumba, na wanauliza telefone iko wapi.

Kwa hiyo siku mnanunua Android, mwende wawili. Mama abebe karte yake ya kuchagua. Puce iandikishwe kwa jina lake, akonti ya makuta ifunguliwe kwa jina lake, na neno la siri alichague yeye, si muuzaji, si kijana wa kibanda mwenye kusema "leta nikusaidie". Zile tarakimu sita ambazo WhatsApp inatuma, asizimpe mtu, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni. Baba anatuma toka ku kazi, mama anapokea kwa jina lake. Hii ni kukubali tu kama kazi yetu iko na hatari. Haimaanishi baba amekosa uaminifu.

Wamama wengine wataniandikia, najua, kusema mume hatakubali. Sawa. Basi puce ya jina lako ifanye kwanza, hata mu ya tochi. Bei ya puce ni ndogo kuliko bei ya sahani ya bukari. Android itakuja nyuma.

Na mkirudi ku nyumba, msitupe kartoni. Fakture iwekwe pamoja na karte za watoto, na zile tarakimu 15 za IMEI ziandikwe mu kayé ya masomo ya mtoto mkubwa, ku ukurasa wa mwisho, mahali ambapo mwizi wa telefone hataenda kuzitafuta. Tundu la shajeri likijaa vumbi, zima telefone, chukua kijiti kikavu, usitie sindano. Gilasi ya kulinda kioo iwekwe siku ile ile, mbele mtoto wa mwisho hajaishika.